Mikono kutetemeka kabla ya kupanda jukwaani

Mdogo wangu, nimekuelewa: Jumapili unapiga gitaa na kuimba peke yako kanisani Mwanjelwa, hapa Mbeya, mikono inatetemeka, na moyoni unajiona hufai. Pole sana. Mimi nina miaka 8 ya gitaa kwenye kwaya huku Uyole, na tumbo bado hunisokota kila nikisimama mbele za watu.

Baridi hii ya Julai isikudanganye. Vidole vikipoa huwa vizito, nawe utadhani ni woga. Fika mapema, shika kikombe cha chai ya moto mpaka viganja vipate joto, ndipo uguse nyuzi, polepole. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6; kuitoa taratibu hutuliza mapigo ya moyo. Ubeti wa kwanza urudie hata mara 20, kwa sababu kwangu woga mkali huwa pale mwanzoni. Ukikosea, usisimame, fuata mdundo.

Pombe usiguse. Wala usimeze propranolol (dawa ya moyo na presha ambayo wengine humeza ili kutuliza mtetemeko) ya kupewa na rafiki: mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya. Ukikosa usingizi siku nyingi au ukizimia, mwone daktari.