Mali Haigandi, Jamani

Msomaji mmoja anauliza: korti ikimkataza mtu kugusa hela zake, yeye akazihamisha, tuseme "amekiuka" amri au "amevunja"? Na katoa mfano, "Amefungwa jela kwa kuvunja amri ya kugandisha mali." Mimi nimekwama hapo kwenye kugandisha, swali lenyewe ntalifikia.

Hivi nani katuletea hili gandisha, "freeze" ya Waingereza? Kinachoganda kwetu ni mafuta ya nazi asubuhi ya Julai, unaweka chupa juani kidogo yanayeyuka, yameisha hayo. Mali, amri, mahakama, yote tumeyatoa kwenye Kiarabu na yanatutosha, friji ya nini tena? Na ubaya wake zaidi ni kwamba linaficha kilichotokea. Korti za Uingereza zikitoa amri hii (wanasheria wameizoea kwa jina la Mareva, kesi ya 1975) hazichukui nyumba wala hela, zinamwambia mtu: wewe, usiuze, usihamishe, na utaje kila ulichonacho. Mali inabaki yake. Anayezuiwa ni yeye, ndo maana akikaidi anafungwa kwa kudharau mahakama na sio kwa wizi, maana cha kwako utakiibaje?

Mchukueni Mukhtar Ablyazov, aliyekuwa mwenyekiti wa benki ya BTA ya Kazakhstan. Benki ikamshtaki London, mwaka 2009 korti ikamzuia kugusa mali zake. Jaji akaja kuona kuna mali kaficha, kuna alizohamisha, na kadanganya akiwa kwenye kiapo, basi Februari 2012 akampa miezi 22 jela, wakati sheria yao ya 1981 ya kudharau mahakama inaishia miaka 2. Siku ya hukumu hakutokea, akakimbia nchi, akaja kukamatwa Ufaransa 2013. Sasa we andika "mali zake ziligandishwa", zimeganda vipi na huku zinatembea? Andika "alizuiwa kugusa mali zake", mtu ataelewa hadi kosa lake.

Na wale wa "akaunti imefungwa" ndo wamezidi, akaunti ikifungwa haipo tena. Imezuiwa. "Imefungiwa" naivumilia, kila mtu anaisema na mimi nimechoka kugombana.

Haya, swali lako: kukiuka, kuvunja, yote sawa, chagua unalopenda. Ila yule aliyeandika "kabriki oda ya korti" asinitumie tena.