Jibu: Miche ya mikoko kufa baada ya kupandwa

Ndugu, umeuliza kwa nini miche ya mikoko ya kikundi chenu inakufa kila mkipanda. Kabla ya kulaumu miche, angalieni maji. Mikoko ni ya aina nyingi, na kila aina ina mahali pake. Mkoko wenyewe hupenda tope linalofikiwa na maji karibu kila siku. Mchu, aina nyingine, huvumilia chumvi, huota hata kule juu ambako hufika maji ya bamvua tu (yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo), na mlilana, aina ya tatu, hukaa mbele kabisa, uso kwa uso na bahari. Mkipanda mkoko penye mchu mtabaki na picha za siku ya kupanda, basi. Tazameni pia kama kuna tuta au barabara iliyoziba mkondo wa maji. Mkondo ukizibuliwa, mara nyingi mbegu huletwa na maji yenyewe, hata kitalu hamkihitaji. Na mbuzi wafungwe!

Kuhusu kupata fedha kwa mikoko: kule Gazi, Kwale, Kenya, wanakijiji kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko yao inahifadhi, na mapato yamelipia maji na vitabu vya shule. Ila sehemu kubwa ya hekta 117 za mradi huo ni msitu uliokuwepo tayari, wao wanaulinda usikatwe.