Maswali ya Wasomaji: Kukata Mlango Mpya katika Sitaha ya Jahazi Kongwe

SWALI: Ndugu Mhariri, nina jahazi la mbao nililorithi kwa marehemu baba, ambalo sasa tunalitumia kuwatembeza wageni kati ya Lamu na Manda. Sitaha ya omo, yaani ya mbele, imezibwa kabisa, na chumba kilicho chini yake hufikiwa kwa kutambaa kutoka ngamani, yaani tumboni mwa chombo. Nataka kukata mlango wa kushukia humo kutoka juu. Fundi mmoja anasema boriti moja lazima ikatwe. Mwingine anaapa kuwa ikikatwa chombo kitalegea. Nimfuate yupi? – Msomaji, Lamu

JIBU: Anza na huyo wa pili. Darumeti, yaani boriti zinazobeba sitaha, hazikuwekwa kwa ajili ya kukanyagiwa tu. Ndizo zinazoshika mbavu mbili za chombo zisiachane pale upepo unapolivuta tanga na mawimbi yanapogonga. Shuka chini na taa, upime nafasi iliyopo kati ya boriti na boriti. Mtu mzima hupita bila taabu katika tundu la sentimita 55 hadi 60 kila upande. Nafasi ikipungua kidogo, ridhika na mlango mfupi kutoka omo kwenda tezi (nyuma) lakini mpana kwa upande mwingine, boriti zako zibaki nzima.

Nafasi isipotosha kabisa, boriti itakatwa, lakini kwa utaratibu. Kwanza iegemezwe kwa nguzo kutoka chini, kisha zipachikwe mbao mbili nene za kwenda omo na tezi, moja kila upande wa tundu, vichwa vyake vikiingia katika boriti nzima za mbele na nyuma. Ncha za boriti iliyokatwa nazo ziungwe katika mbao hizo, ili mzigo uzunguke tundu badala ya kuishia hapo. Fundi anayetaka kukata leo na kuimarisha kesho mlipe nauli yake arudi kwao.

Ukiwa bado chini, choma kwa ncha ya kisu pale boriti zinapokutana na mataruma, yaani mbao za mbavu za chombo. Maji ya mvua yanayovuja katika chumba kisicho na hewa huozesha mbao kuliko maji ya chumvi, na kisu kikizama kwa urahisi, matengenezo ya boriti ndiyo yatangulie.

Mlango uwe katikati ya chombo, kwa maana wa pembeni huwa karibu mno na maji jahazi linapolala demani, yaani upande unakoelekea upepo. Toboa kwa keke, kutoka chini, tundu dogo katika kila pembe, kisha panda juu utazame yameangukia wapi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: ukingo wa tundu ukipita karibu na maungio ya mbao, hubaki kipande chembamba cha upana wa vidole viwili ambacho msumari hukipasua, na pamba ya kalafati, ile ya kuziba maungio yasivuje, ikishindiliwa hukisukuma nje. Sogeza alama zako mpaka ukingo ufuate maungio yenyewe, au uwe mbali nayo. Pembe zikatwe kwa mviringo, kwa kuwa pembe kali huanzisha nyufa.

Mbao hunywa maji zaidi kupitia vichwa vyake, basi vichwa vyote vilivyokatwa vipakwe mafuta au rangi kabla ya kuweka kizingiti, yaani fremu ya mbao inayozunguka tundu. Kizingiti kisipungue sentimita 15 kwenda juu, na misumari yake, iliyopakwa zinki, ifike katika boriti, si katika mbao za sitaha peke yake. Mwishowe tia kalafati upya kuzunguka mlango wote, kwa sababu msumeno huyalegeza hata maungio ambayo haukuyagusa.

SWALI: Bawaba za kifuniko cha mlango wa omo ziwekwe upande gani? – Msomaji, Nungwi

JIBU: Upande wa omo. Wimbi likipanda sitahani wakati kifuniko kiko wazi, litakifunga. Bawaba zikiwa upande wa tezi, wimbi hilo hilo litamiminika lote ndani.