Laini ya simu iwe kwa jina lako

Tangu hela za TASAF, yaani ruzuku ya serikali kwa kaya maskini, zianze kulipwa kwa simu, mimi mjumbe wa kamati ya TASAF hapa mtaani nasikia kwa akina mama lalamiko lilelile: "Dada, ujumbe umeingia, lakini simu anatembea nayo baba watoto." Ukimuuliza laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, anainama. Ni cha mume, maana wakati wa usajili yeye hakuwa na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Basi kila baada ya miezi miwili, dirisha la malipo likifunguliwa, nyumba inawaka moto.

Wapo wanaosema mwanaume anapiga kwa sababu ya ugumu wa maisha. Mimi sikubaliani nao. Vipigo vipo hata kwenye nyumba zenye geti na gari. Tofauti ni kwamba mwenye kipato chake huita bodaboda usiku uleule akaenda kwa ndugu. Asiye nacho anaanza kupiga hesabu: nauli yake na ya watoto, kodi ya chumba, unga. Halafu anajiuliza, nikiondoka si nitaiacha na ruzuku? Anabaki.

Kwa hiyo, mama, anza na NIDA. Ukipata namba, sajili laini yako kwa alama zako za vidole, kisha uombe kamati ibadilishe namba ya malipo. Fanya hivyo kimyakimya, na isiwe wiki ya malipo. Nimeona mke akipigwa kwa kubadili laini tu. Vyeti vya watoto na kadi za kliniki viweke kwa jirani unayemwamini.

Ukiwa umeshaondoka, usinyamaze ukidhani umejifuta mwenyewe kwenye orodha ya ruzuku. Kaya imegawanyika, watoto unao wewe: peleka taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa mratibu wa TASAF halmashauri, kwa maandishi, ubaki na nakala. Pitia pia kwa afisa ustawi wa jamii. Kama umeumizwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi upewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Watu wa ukweni watakwambia kupigwa ni mambo ya ndani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria hiyohiyo inamtaka mume amtunze mkewe, na kuondoka kwako hakumwondolei baba wajibu wa kutunza watoto.

Ukitaka talaka, kwa kawaida mahakama itakuuliza kwanza kama mmepita Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Pale wazee wanapenda sana kusema "mkayamalize nyumbani". Wasikilize kwa adabu, ila baraza likishindwa kuwapatanisha usitoke bila hati yake inayosema hivyo.