Maswali na majibu: Vyuma chakavu vikigeuka sanamu

Niliona sanamu iliyoundwa kwa diski za breki, minyororo na mabomba. Haina kichwa wala miguu. Nitajuaje ni kitu gani? (Msomaji, Tanga)

Huenda si kitu chenye jina, na hapo hujakosea wewe wala msanii. Sisi si wageni wa jambo hili. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo wanaouita mawingu: mpingo unajikunja, unatobolewa, unapinda kama wingu lililosukumwa na upepo, na hakuna anayedai kuonyeshwa macho. Sanamu dhahania ya chuma, yaani isiyoiga umbo la kitu chochote, itazame vivyo hivyo. Izunguke. Angalia uzito umeegemea wapi na mwanga unapenya wapi.

Karakanani kwangu ninayo sproketi ya pikipiki, lile gurudumu la meno linaloshika mnyororo, iliyolika hadi meno yamechongoka na kulalia upande mmoja, kama mawimbi yanayokimbilia ufukweni. Meno yale sikuyachonga mimi. Ni mnyororo, mchanga na abiria wa miaka mingi. Niliichomelea juu ya bomba lililopinda, nikaishia hapo, maana kila nilichojaribu kuongeza kiliyaficha yale meno. Mtu akiniuliza ni nini, namwambia kwanza apitishe kidole juu yake.

Baba anasema kuchomelea ni ufundi, si sanaa. Nimjibu nini? (Msomaji, Nakuru)

Mwambie kwa heshima kwamba sanaa hii ilizaliwa kwa mafundi. Julio González, Mhispania aliyeishi Ufaransa, alijifunza kuchomelea kwa gesi mwaka 1918 katika kiwanda cha magari cha Renault. Miaka kumi baadaye mchoraji mashuhuri Picasso alipotaka kuunda sanamu za chuma alimwendea yeye, kwa sababu kazi ya moto hakuiweza peke yake. Mmarekani David Smith naye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha vichwa vya treni na vifaru. Miaka ya 1950 aliokota vipande vya zana kuukuu za kilimo akaviunganisha kuwa mfululizo wa sanamu alioupa jina Agricola.

Na kama mzee ni fundi, una bahati kubwa. Mwombe akufundishe kuunga chuma hadi kishikane ndani, si juujuu tu. Nimeona kazi zenye wazo zuri sana zikiachana siku ya kupakiwa kwenye gari.

Sina mashine, na umeme wetu haueleweki. Niache? (Msomaji, Bukoba)

Usiache. El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefundisha miaka mingi Nsukka, Nigeria, hutumia vifuniko vya alumini vya chupa za pombe. Hupondwa, hukunjwa, hutobolewa, kisha hufungwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba hadi vikawa kama kitambaa cha kufunika ukuta mzima. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote. Nyundo, msumari, plaizi na waya vinakutosha kuanza leo.

Nachomelea mabati na vyuma vya magari nyuma ya nyumba. Usiku napata homa na kutetemeka. Wenzangu wanasema ninywe maziwa. (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, hili limenitia wasiwasi. Mabati yamepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye huja homa, baridi, kichwa kuuma na ladha ya chuma mdomoni. Wengi hudhani ni malaria, na kwa kuwa kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja au mbili, wanarudi kazini vilevile. Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni. Hayakukingi.

Kapime malaria ili uwe na uhakika, na kifua kikibana au pumzi ikikata nenda hospitali siku hiyohiyo. Kazini, ondoa ile ngozi ya zinki kabla ya kuchomelea, ukiwa umevaa barakoa ya kuchuja moshi wa chuma, kitambaa hakitoshi. Fanyia kazi nje, na simama upepo uupeleke moshi mbali na uso wako.

La pili, kwa kuwa umetaja vyuma vya magari: usipeleke moto kwenye shokapu, tangi la mafuta wala pipa lililofungwa. Shokapu ina mafuta, na nyingine zina gesi iliyoshindiliwa; ikipata joto hupasuka kama bomu. Tangi linaloonekana tupu bado lina mvuke wa petroli. Umbo la shokapu linavutia, nakubali, lakini mimi huziacha hukohuko kwa muuza chakavu.

Niache kutu au nipake rangi? (Msomaji, Lamu)

Kwa hewa ya chumvi ya kwenu, kutu haitasimama yenyewe. Sanamu ya ndani isugue kwa brashi ya waya, uipashe joto kidogo, uipake nta. Rangi ya kutu itabaki, nzuri kabisa. Ya nje ipake rangi ya kuzuia kutu, kisha tafuta kila bakuli na kila bomba linaloweza kutuamisha mvua. Toboa tundu chini kabisa, la kupitisha msumari wa inchi tatu, maji yatoke.