Mapambo ya dirisha bila plastiki

Dada, umeuliza utapamba dirisha na watoto kwa kitu gani kisichokuwa plastiki. Sisi hapa Kirumba, Mwanza, tunatumia magugu maji, yamejaa tele ufukweni mwa Ziwa Victoria. Anika mabua juani mpaka yawe ya kahawia na kulegea kama ngozi. Yananywea mno, kwa hiyo beba mengi. Suka matatu matatu kama nywele, mpe mtoto akate umbo la samaki sato kwenye gazeti la zamani, ning'iniza kwa katani. Gundi ni uji mzito wa muhogo. Mwanzo nilibandika samaki kwenye kioo kwa uji huo. Asubuhi mende wamekula mikia yote! Ila watoto wasiingie ziwani kuvuna magugu, konokono wa kichocho wanajificha humo.