Kabla ya kutenganisha maumbo pacha ya dawa: ushauri kwa wanaoanza

Ninyi mnaoanza kazi ya kutengeneza dawa za magonjwa ya kuambukiza mtakutana mapema na molekuli zenye maumbo mawili, moja likiwa taswira ya jingine kwenye kioo, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Usanisi wa kawaida, yaani uundaji wa molekuli kwa kemia, huyatoa yote mawili nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo, yaani rasemia, hudharauliwa na wengi kama kazi iliyoachwa njiani. Nawaomba msiudharau kabla ya kupiga hesabu.

Chukueni prazikwanteli, dawa ya kichocho iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1970. Maumbo yake mawili huitwa R na S, na la R ndilo linaloua minyoo. La S halina kazi kubwa, ila ni chungu na hukikuza kidonge bure. Hata hivyo, dawa imetolewa kwa mamilioni ya watoto wa shule ikiwa rasemia, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa sababu kuitengeneza hivyo ni rahisi, ilhali kutenganisha huongeza hatua na vimumunyisho, na nusu ya mazao hupotea msipopata njia ya kuligeuza umbo lisilotakiwa ili lirudi kazini. Mwaka 2011 kundi la mkemia Matthew Todd, aliyekuwa Sydney, Australia, wakati huo, lililofanya utafiti wake hadharani ili yeyote achangie, lilichapisha njia ya kutenganisha inayotumia aina ya asidi ya tartariki, na gharama ndiyo iliyokuwa kipimo chake tangu mwanzo.

Kilichohalalisha gharama hiyo ni watoto wadogo, ambao hutema kidonge kichungu na hawawezi kumeza kikubwa. Kwa ajili yao ikatengenezwa arprazikwanteli, yaani umbo la R peke yake, kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyushwa katika maji, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikithibitisha mwaka 2024.

Hapa wanafunzi wangu hujikwaa: hudhani kwamba ukiondoa nusu isiyofanya kazi, dozi nayo hupungua nusu. Majaribio ya watoto, yakiwemo ya Kenya na Côte d'Ivoire, yalitumia miligramu 50 au 60 kwa kilo, si 20. Tena, fuwele za umbo moja haziyeyuki lazima sawa na za rasemia, hivyo upimaji wa kuyeyuka kwa kidonge huanza upya, na kila shehena ya malighafi hupimwa kiasi cha umbo la S kilichobaki kabla haijaingia kwenye mashine.